Jina la Katikati

Nyumba namba 14, Mtaa wa Juu
Hawkroyd, Yorkshire
3 Machi 1958

Kwa Bwana W. Walker,

Salamu kutoka Hawkroyd, ambako mvua ilianza Jumanne na haina dalili ya kwenda kwao.

Tangazo lako lililotoka gazetini Ijumaa nimelisoma mara nne. Unasema unakusanya akina Walker wote wa kaskazini mwa Uingereza, walio hai na waliokufa, na kwamba umeshawaandika kwenye kadi zaidi ya elfu kumi na moja. Mungu akupe mahali pa kuziweka. Unasema pia unawatafuta watu ambao Walker ni jina lao la katikati, hasa waliobatizwa katika bonde letu kati ya Aprili na Julai 1920.

Mimi ninaye mmoja. Nora Walker Sugden. Alizaliwa tarehe 11 Mei 1920, akabatizwa Juni katika kanisa la Wamethodisti la hapa Hawkroyd. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 27 Novemba 1938. Alikuwa binti yangu na sikujaliwa mwingine.

Jiwe la kaburi lake linasema Nora Sugden, basi. Hilo jina la katikati halimo mahali popote duniani ila kwenye daftari la kanisa na kichwani mwangu, na mimi nina miaka hamsini na tisa na moyo wangu si mzima. Nikiondoka, limekwenda.

Kwa hiyo naomba umwandikie kadi. Lakini kabla hujaandika niambie jambo moja, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Utaandika nini? Utasema ni Walker wa nani?

Mimi,
H. Sugden (Bi.)


Ilkley
7 Machi 1958

Mpendwa Bibi Sugden,

Nimeipokea barua yako kwa furaha, nikaisoma kwa huzuni, na sijui nianzie wapi kati ya hivyo viwili. Nikiwa mwalimu mstaafu, nitaanzia kwenye somo.

Walker wa kwanza walikuwa watu wa kukanyaga. Kabla ya mashine, kitambaa cha sufu kilitoka kwenye kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia, kikiwa kimelegea kama wavu. Wakakitumbukiza kwenye hori la maji na mkojo uliochacha, na mtu akavua soksi akatembea juu yake kutwa nzima mpaka nyuzi zikashikana. Huyo ndiye Walker, yaani mtembeaji. Kusini mtu wa kazi hiyohiyo aliitwa Fuller, na magharibi aliitwa Tucker, kwa hiyo jina la mtu linakwambia miguu ya babu yake ililowa upande gani wa nchi. Kuna kijiji karibu na Newcastle kiitwacho Walker ambacho hakihusiani kabisa na sufu. Kimepewa jina kwa sababu ya ukuta wa Warumi, na ukuta kwa Kiingereza ni “wall”. Na kule London, miaka mia iliyopita, mtu akisema uongo wahuni walimguta, “Walker!”, yaani “Nenda kamdanganye mamako!” Wanafunzi wangu waligundua hilo mwaka 1931 na sikupata amani tena.

Sasa la kwako. Jina la ukoo likikaa katikati, mara nyingi ni la upande wa mama. Mara nyingine ni la tajiri mwenye kiwanda, wazazi wakitumaini atamkumbuka mtoto. Kuna matumizi ya tatu ambayo sitamwandikia mama mwenye heshima zake, ingawa makarani wa kanisa waliyafahamu.

Na sasa nikwambie kitu kitakachokushangaza. Kadi ya binti yako ninayo! Nilimfundisha mwenyewe, pale shule ya Hawkroyd, darasa la mwaka 1929 hadi 1931. Nora Sugden! Msichana mwembamba, nywele za rangi ya kutu, mdomo haufungi. Aliandika kwa mkono wa kushoto nami nikamhamishia kulia, kama nilivyohamishwa mimi nikiwa mdogo. Mwanzoni mwa mwaka nilisoma majina yote kwa ukamilifu, nikamuuliza jina hilo amelitoa wapi. Jibu lake liko kwenye kadi, kwa mwandiko wangu: “Walker: jina la bibi mzaa bibi, upande wa mama. Kwa kauli ya mtoto mwenyewe.”

Sikujua kwamba amefariki. Niliondoka Hawkroyd mwaka 1933 nikahamia hapa Ilkley. Nimekaa na kadi ile mbele yangu asubuhi yote, na nasikitika sana, Bibi Sugden, kuliko ninavyojua kueleza.

Ukinipatia jina na mwaka wa kuzaliwa wa bibi huyo, nitaikamilisha ipasavyo.

Wako kwa heshima,
Wilfrid Walker


Hawkroyd
12 Machi 1958

Wilf,

Hakuna bibi. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi jikoni nikikanda mkate, siku Nora alipokuwa na miaka sita na wenzake wakamuuliza mbona ana majina mawili ya ukoo kama mke wa bwana mkubwa. Nilimpa na mikono yenye vidole vilivyopinda, huyo bibi, ili aaminike.

Mimi ni Hilda Ackroyd. Ukihitaji kukumbushwa: wiki ya sikukuu ya Agosti 1919, umetoka vitani una koti lisilokuenea, unafanya kibarua kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi ukisubiri kwenda chuo cha ualimu York. Mimi nilikuwa chumba cha juu na wasichana wa kurekebisha, tukivipitia vitambaa kwa ncha za vidole kutafuta uzi uliokatika. Ulisema nina vidole vya mwizi. Nilicheka wiki nzima.

Nikuandikie mimi hayo matumizi ya tatu, kwa kuwa wewe unaona haya? Msichana wa bonde hili akizaa na mwanamume hayupo, analichukua jina la ukoo wa mwanamume yule na kulipandikiza katikati ya jina la mtoto. Hamtukani mtu, hampeleki mtu mahakamani. Anauacha mlango bila komeo. Baba akija siku yoyote, hata baada ya miaka, ajue pa kubisha hodi.

Nilikuandikia York mwezi wa Novemba mwaka ule. Nilikwambia nina mtoto tumboni, nikakwambia atazaliwa Mei, nikakwambia jina lako nitaliweka. Sikupata jibu. Baba yangu alinifukuza Desemba, nikashukia kwa shangazi hapa Hawkroyd. Ernest Sugden, mtia rangi vitambaa, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisani, alijua kila kitu na akanioa Januari. Siku ya ubatizo nilimwambia basi, tuliache jina la yule. Akasema, “Liweke, Hilda. Mtoto atalihitaji siku moja, na mimi halinipunguzii kitu.” Ernest amefariki Januari hii. Ndiyo maana ninaandika sasa na si mwaka jana.

Ulipokuja kufundisha hapa mwaka 1929 nilidhani umetufuata. Haki ya Mungu nilidhani hivyo! Nilivaa kofia yangu ya Jumapili siku ya Jumatatu, nikakaa dirishani kama mjinga. Sikuthubutu kuja shuleni. Nilimtuma Ernest kila mara, na sokoni nilipita njia ya nyuma. Nilisema moyoni, akilisikia jina atajua, acha aje mwenyewe. Nora aliporudi siku ya kwanza nilimuuliza, “Mwalimu kasema nini?” Akasema, “Kaniuliza Walker limetoka wapi, nikamwambia la bibi wa vidole vilivyopinda, akaandika.” Nilitoka nje nikashika ukuta.

Mlango nilioacha wazi niliufunga mwenyewe kwa ulimi wangu. Hilo lawama langu, nalibeba. Lakini wewe, Wilf! Mtoto wa Mei 1920. Nywele zile. Mkono wa kushoto. Hukujiuliza hata kidogo?

Barua yangu ya Novemba, uliipata au hukuipata? Nijibu hilo tu.

Hilda


Ilkley
15 Machi 1958

Hilda,

Nimeanza barua hii mara tisa.

Sikuipata. Lazima uniamini. Chuoni barua zilirundikwa mezani kwa bawabu na kila mtu alijichukulia, nyingi zilipotea. Ningeipata ningekuja siku ileile. Ningekuja kwa miguu.

Ninayo picha ya darasa la mwaka 1930. Yuko safu ya pili, wa tatu kutoka kulia, ameangalia pembeni. Nimekuwa nayo kwenye droo miaka ishirini na minane na sijawahi kuitazama zaidi ya mara mbili. Sasa siwezi kuiweka chini. Ana kidevu cha mama yangu. Nilikuwa na binti, naye alisimama mbele ya meza yangu kila siku kwa miaka miwili akiniambia “Ndiyo, mwalimu,” nami sikujua.

Naomba nije Hawkroyd. Sitakaa. Nataka tu kusimama kaburini.

Wilfrid


Hawkroyd
19 Machi 1958

Walker!

Hivyo ndivyo walivyoguta wahuni wa London, au siyo? Nenda kamdanganye mamako.

Usinifanye mtoto mdogo. Mimi nimefanya kazi ya kutafuta uzi uliokatika kwa miaka thelathini na minane, na wako nimeugusa tangu siku nilipolisoma tangazo. Umewaomba wenye Walker katikati ya jina, waliobatizwa bonde hili, kati ya Aprili na Julai 1920. Mtu ambaye hakupata barua yangu aliijuaje hiyo miezi?

Uliipata. Uliisoma. Nimekaa miaka thelathini na minane nikijiambia labda imepotea njiani, labda bawabu, labda mvua. Hilo labda ndilo lililonifanya nisikuchukie. Na sasa nina miaka hamsini na tisa, mume wangu yuko chini ya udongo na binti yangu kando yake, na bado wewe unaniletea bawabu!

Usije. Kwanza sema kweli.

Hilda


Ilkley
24 Machi 1958

Hilda,

Niliipata.

Ilifika Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lilelile lisilonienea. Ilikaa humo wiki tatu. Chuo hakikupokea wanafunzi wenye wake. Baba yangu alikuwa amevunjika mgongo kiwandani, na mama alikuwa ameshawaambia mtaa mzima kwamba Wilf wake atakuwa mwalimu. Hizo ni sababu na nimezirudia sana, mpaka zimelainika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu kwenye mahandaki ya Ufaransa na watu wakaniita jasiri, lakini karatasi moja yenye mwandiko wako ilinitia woga kuliko mizinga.

Mwishoni nilipanda treni. Nilifika kwa baba yako wiki moja kabla ya Krismasi. Alifungua mlango nusu. Nikasema nimekuja kumwona Hilda. Akasema, “Sina binti wa jina hilo,” akafunga. Nilisimama kwenye theluji, na nitakwambia nilichohisi, kwa sababu umetaka kweli. Nilipumua. Nilihisi mtu amenitua mzigo. Niliteremka kilima nikipiga mluzi, Hilda. Mluzi ule nausikia mpaka leo.

Ilichukua miaka miwili woga ugeuke aibu. Uliandika kwamba utamwekea mtoto jina langu katikati, na mimi ni mtu wa bonde, nilijua maana yake. Nikaanza kutafuta. Nilimtafuta mtoto wa Ackroyd: fulani Walker Ackroyd, wa Mei 1920. Nilipitia madaftari ya makanisa yote, Jumamosi baada ya Jumamosi. Watu waliponiuliza ninafanya nini nilisema ninachunguza jina la ukoo wetu. Ili nisionekane mwongo nikawa naandika kila Walker niliyemkuta. Ndivyo zilivyoanza kadi. Elfu kumi na moja, zote kwa sababu ya moja, na watu wa chama cha historia wamenipa medali.

Niliomba kazi Hawkroyd nikidhani bondeni nitamsikia. Siku ya kwanza darasani nikasoma “Nora Walker Sugden”, nikadhani nimempata. Lakini nilimtazama, nikakumbuka kwamba baba yake ndiye aliyemleta kwa mkono asubuhi ile, mtu mkubwa mwenye kucha za buluu, akimfunga kamba za viatu mlangoni. Nikajiambia haiwezekani. Mwanamume gani angekubali jina la mwanamume mwingine likae ndani ya jina la mtoto anayemlea? Nilimpima Ernest kwa kipimo changu. Mtoto akasema ni la bibi, nikaandika, nikaita jina lililofuata.

Kuna zaidi. Nilisema nilimhamishia mkono kulia. Nilifanya hivyo kwa rula. Kila aliposahau nilimchapa vidole, si kwa nguvu, lakini nilimchapa, kwa sababu ndivyo nilivyochapwa. Hakulia hata mara moja. Aliniangalia tu kana kwamba ananisubiri nikumbuke kitu.

Kadi ya zamani nimeichana. Kadi mpya iko mbele yangu, ina jina na tarehe mbili, na pale panaposema “Maelezo” ni peupe. Uliniuliza nitaandika nini. Sina haki ya kuandika lolote. Niambie wewe.

Wilfrid


Hawkroyd
2 Aprili 1958

Wilf,

Asante kwa kweli. Imechelewa, lakini imefika.

Nimekaa nayo wiki nzima na kuna kitu kimoja ambacho lazima nikitoe kifuani kisha nitanyamaza. Ungelitafuta jina langu ungenipata kwa siku moja. Hilda Ackroyd, kaolewa na Ernest Sugden, Januari 1920, imeandikwa kwenye daftari la serikali na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Badala yake ulilitafuta jina lako. Miaka yote hiyo, Jumamosi zote hizo, ulikuwa unatafuta Walker. Nimecheka niliposoma, kisha nikalia mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Sasa zamu yangu, maana sitaki ufikiri mimi ni malaika.

Oktoba 1938 Nora alikuwa hospitali ya kifua kikuu huko juu kilimani, amelazwa barazani na wenzake kwenye baridi kama ilivyokuwa desturi yao. Siku moja aliniuliza. “Mama, niambie kweli, huyo bibi wa vidole vilivyopinda, mbona picha yake haipo?” Alikuwa na miaka kumi na minane na alishajua kwamba hatafika kumi na tisa. Nikamwambia yote. Nilidhani atanilaani. Alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja mbio. “Mwalimu Walker!” akasema. “Na kelele zote zile za rula!” Kisha akasema, “Alinipa kitabu cha nyota nilipohama darasa lake. Hakumpa mtu mwingine.” Hukuniandikia habari ya hicho kitabu. Umesahau. Ninacho.

Jumapili ya kwanza ya Novemba akanipa barua ya kukupelekea wewe, imefungwa. Niliitia kwenye mkoba. Ernest alikuwa kando yangu kwenye basi tukirudi. Aliuona mwandiko juu ya bahasha, maana jina lako lilikuwa kubwa. Tulipofika kwenye daraja akaanza kulia. Jitu lile, kwenye basi, mbele ya watu. Akasema, “Atakuwa wangu mpaka mwisho, sivyo, Hilda? Mpaka mwisho tu. Baada ya hapo mwenyewe na aje.”

Sikuiposti, Wilf.

Jumatano nilipokwenda, Nora aliniuliza, “Amejibu?” Nikasema labda Jumapili. Jumapili alikuwa amejitia utepe kwenye nywele. Nikasema posta ya Ilkley inajulikana kwa uzembe. Jumatano iliyofuata hakuuliza. Alifariki Jumapili ya wiki iliyofuata, asubuhi kabla ya muda wa wageni, na utepe ulikuwa mezani.

Kwa hiyo hatupishani. Wewe uliishika barua yangu wiki tatu, mimi nimeishika yake miaka ishirini kasoro. Nilipoona tangazo lako nilidhani nataka kadi tu. Nadhani nilitaka mtu wa kumkabidhi hii. Ninaitia hapa ndani. Sijaifungua, si yangu.

Kuhusu kadi, andika hivi: “Nora, binti wa Hilda, aliyelelewa na Ernest Sugden ambaye ndiye baba yake. Walker ni jina la baba aliyemzaa, ambaye alitafutwa.” Usiongeze. Jiwe la kaburi litabaki kama lilivyo, Ernest alilifanyia kazi.

Ukitaka kuja, njoo. Basi linapita saa nne. Kaburi liko upande wa ukuta, na mimi nitakuwa nyumbani, na sijui kama nitafungua mlango. Itategemea siku ile nimeamkaje.

Hilda


Hospitali ya Kilimani
6 Novemba 1938

Mpendwa Mwalimu Walker,

Natumaini unanikumbuka. Mimi ni Nora Sugden, niliyekaa karibu na jiko la makaa na kuzungumza sana. Uliandika kwenye ripoti yangu, “Angejifunza mengi kama angesikiliza nusu ya anavyosema.” Mama ameihifadhi.

Mama ameniambia. Usiogope, sikasiriki. Nilikuwa na siku tatu za kukasirika, lakini hapa tunapimwa joto kila baada ya saa nne na ukikasirika linapanda na wanakunyima yai. Kwa hiyo nimeacha.

Nataka ujue kwamba ninaye baba tayari, na ni mzuri sana, na sitafuti mwingine. Lakini nilikuwa nikikutazama darasani. Ulikuwa ukifuta ubao kwa mkono wa kushoto ulipodhani hatuoni. Nilifikiri, mwalimu na mimi tuna siri moja. Sikujua ni kubwa kiasi gani!

Nina maswali. Je, wewe pia huwezi kula maziwa ya mgando? Je, mama yako ana madoa usoni? Je, kwenu kuna mtu anayeimba, au sauti yangu mbaya inatoka kwako? Na kwa nini Walker? Msichana wa kitanda cha jirani anaitwa Tucker, anasema yeye ni bora. Nipe kitu cha kumjibu.

Jana ilikuwa sikukuu ya kila mwaka ya kuwasha mioto, tuliiona ikiwaka bonde zima kutoka barazani. Ulikuwa ukitugawia keki ya tangawizi siku ile. Ukija, nakuomba uniletee, hata kipande. Wauguzi hawapekui mifuko ya wanaume.

Siku za wageni ni Jumatano na Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Mama na Baba hufika saa nane, kwa hiyo ukiona vigumu kukutana nao njoo saa tisa na nusu, nitawaambia nimechoka waondoke mapema. Kitanda changu ni cha mwisho, karibu na ngazi. Huna haja ya kuuliza mtu. Nimejaribu kukaa macho muda wa wageni lakini siku hizi nasinzia. Ukinikuta nimelala, tafadhali niamshe.

Samahani kwa mwandiko. Mkono wa kulia umechoka, kwa hiyo nimeandika kwa wa kushoto. Usinichape.

Wako,
Nora Walker Sugden